Kila nikikompaili naambiwa "haionekani", na nimeshaiweka! Dipendensi za Linux zinanimalizia bando

#1 Mkarafuu_Wete
Asalaam alaykum wakubwa na wadogo.

Ami yangu ana boti ya kuvulia hapa Wete. Mwezi uliopita alikaa na mtu wa Tanga mwenye OpenCPN kwenye laptopu, ile programu huria ya ramani za baharini, basi akarudi hana hadithi nyengine. "Nitilie na mimi." Laptopu anayo, kuukuu, Linux Mint 21 niliitia mimi mwenyewe. Betri imekufa, inakwenda kwa waya tu.

Iliyomo kwenye repo (ghala la programu) ya Mint ni toleo la nyuma, na mimi kwa ujuaji wangu nikasema n'takompaili, yaani niijenge mwenyewe kutoka sosi kodi. Maelekezo niliyoyapata yanaanza na dipendensi yake, yaani kitu inachokitegemea: wxWidgets, laibrari ya kuchorea madirisha na vitufe. Unaiomba kwa apt, amri ya kuwekea pakeji:

`sudo apt install libwxgtk3.2-dev`

Jibu: `E: Unable to locate package libwxgtk3.2-dev`

Nikatafuta kinachofanana nacho, nikakuta `libwxgtk3.0-gtk3-0v5` imo tayari. Nikasema poa, tunakwenda. Nikaendesha cmake, chombo kinachoandaa ukompaili:

`Could NOT find wxWidgets (missing: wxWidgets_LIBRARIES wxWidgets_INCLUDE_DIRS)`

Sasa jamani, apt inasema kitu kimo, cmake inasema hakimo. Nani mwongo? Na kwa nini kitu kimoja kila distro (aina ya Linux) inakiita jina lake? Leo siku ya tatu, na bando la ami nalila mimi.

#2 FundiDarajani
Wote wakweli. Ulichonacho ni laibrari ya kuendeshea programu iliyokwisha kukompailiwa. Kukompaili kunataka heda (faili zinazoeleza laibrari ina nini) pamoja na kile kiprogramu cha `wx-config`, na hivyo vinakaa kwenye pakeji ya -dev. Kwa Mint 21:

`sudo apt install build-essential cmake gettext libwxgtk3.0-gtk3-dev`

3.2 huipati kwa sababu Mint 21 imesimama juu ya Ubuntu 22.04, na repo ya 22.04 ina wx 3.0. Hiyo 3.2 imetoka Julai 2022, Ubuntu ile ilishatoka Aprili.

#3 Yakhe_Konde
Mint si Debian hiyo hiyo? Mimi nina Debian 12 na 3.2 ninayo hapa, naiona kwa macho.

#4 Bi_Terminali
@Yakhe_Konde Mint ya kawaida inatoka kwa Ubuntu, na Ubuntu ndiyo inayotoka kwa Debian. Ile inayotoka Debian moja kwa moja inaitwa LMDE, na LMDE 6 ndiyo ndugu wa Debian yako ya 12. Mkarafuu kafuata maelekezo ya mtu ambaye mashine yake si hii. Nusu ya nyuzi za kukompaili humu zinaanzia hapo.

#5 MtotoWaMalindi_Muscat
Mkarafuu, uko Wete, basi nikupe mfano wa Wete. Ukinunua haluwa unaila tu na kahawa yako, huulizi wanga umetiwa kiasi gani wala samli imeingia lini. Hiyo ndiyo libwxgtk uliyonayo. Ukitaka kuipika mwenyewe, haluwa iliyomo kwenye sahani haikusaidii kitu, unamtaka mpishi akupe vipimo. Pakeji ya -dev ndiyo vipimo.

#6 Yakhe_Konde
Mpishi wa haluwa wa Wete akupe vipimo? Wallahi hiyo ndiyo programu iliyofungwa kuliko zote duniani. Hata mwanawe hampi.

#7 Maalim_Pakeji
Msimbebeshe kijana majina moja moja. Familia ya Debian ina amri ya kazi hii:

`sudo apt build-dep opencpn`

Inasoma mstari wa Build-Depends (vinavyohitajika kuikompaili) wa pakeji hiyo kisha inaleta vyote kwa mkupuo. Amri moja, umemaliza, unakwenda zako kusali.

#8 Mkarafuu_Wete
Maalim shikamoo. Nimeipiga, kanirudisha mlangoni:

`E: You must put some 'deb-src' URIs in your sources.list`

#9 Maalim_Pakeji
Marahaba mwanangu. Hiyo ni kwa sababu orodha ya Build-Depends imo upande wa pakeji za chanzo, na upande huo kwa kawaida umefungwa. Kwenye Mint fungua Software Sources, kuna mahali pa kuwasha repo za sosi kodi, washa, kisha `sudo apt update`. Mwenye Ubuntu 24.04 asitafute kwenye sources.list ya zamani. Siku hizi iko `/etc/apt/sources.list.d/ubuntu.sources`, pale palipoandikwa `Types: deb` uongeze `deb-src` mbele yake.

#10 Bi_Terminali
Maalim kwa heshima zote, hiyo #7 inataka rekebisho. build-dep inaleta dipendensi za toleo lililomo kwenye REPO. Mkarafuu anakompaili toleo jipya kuliko la repo. Mara nyingi zinalingana tisa kwa kumi, na hiyo ya kumi ndiyo inayokukesha. Kama ndani ya chanzo alichoshusha kuna folda ya `debian` yenye faili `control`, basi aingie kwenye folda ya chanzo (si ndani ya hiyo `debian`) na apige `sudo apt build-dep ./`, hapo anapewa orodha ya toleo lake hasa.

#11 Maalim_Pakeji
Sawa Bi, nimekubali nusu. Nusu nyengine tutaizungumza.

#12 Mkarafuu_Wete
Nimewasha sosi. build-dep inataka kushusha MB 148, mimi nimebakiwa na 90. Hiki si kituko? Natafuta programu moja, naletewa gettext, debhelper, sijui mengine ya nani.

#13 Kariakoo_Mchana
Poleni watu wa visiwani, mnapenda kazi ngumu. OpenCPN iko Flathub, ghala la Flatpak, yaani programu zilizokwisha kufungashwa na vyote zinavyohitaji. `flatpak install flathub org.opencpn.OpenCPN`, unakunywa chai, imeisha. Habari za heda na wx-config waachie wenye kazi zao.

#14 Yakhe_Konde
@Kariakoo_Mchana umesoma kwamba mtu ana MB 90? Flatpak ya kwanza kwenye mashine inakuja na rantaimu yake (msingi wa kuiendeshea), na hiyo peke yake ni mamia ya MB. Unamwambia asiye na nauli ya daladala apande ndege.

#15 Kariakoo_Mchana
Nilisoma harakaharaka. Basi iko PPA (repo ya ziada) ya OpenCPN wenyewe kwa watu wa Ubuntu, hiyo ni nyepesi.

#16 FundiDarajani
PPA ni jibu zuri, lakini kijana kauliza kwa nini cmake haioni. Tukimpa PPA atakuja tena wiki ijayo na programu nyengine isiyo na PPA.

#17 Kofia_Fedora
Naona watu wa apt mnavyotaabika na majina. Sisi wa Fedora tunatumia dnf, na tunaomba kwa jina analolijua mwenye programu, si jina la pakeji:

`sudo dnf install 'pkgconfig(gtk+-3.0)' 'pkgconfig(libcurl)' 'pkgconfig(sqlite3)'`

dnf inajua yenyewe pakeji gani ya -devel ina faili hilo. Na openSUSE ni hivyo hivyo, `zypper in 'pkgconfig(libcurl)'`. Kosa la configure likisema haikuona libcurl, hiyo libcurl ndiyo unayoiandika. Habari ya `libcurl4-openssl-dev` au `libcurl4-gnutls-dev` haituhusu. Na build-dep yetu ni `dnf builddep`, haikuamrishi kwanza ukafungue milango ya sosi kwa mkono.

#18 Maalim_Pakeji
@Kofia_Fedora mbona hukutaja kwamba wx haina faili la pkgconfig, inatumia `wx-config`? Kwa hiyo ujanja wako wote haumsaidii Mkarafuu kwenye kitu kimoja alichokwama nacho.

#19 Kofia_Fedora
Hapo umenishika. Lakini `dnf provides '*/wx-config*'` inamtoa.

#20 FundiDarajani
Na sisi tuna apt-file. `sudo apt install apt-file`, `sudo apt-file update`, kisha `apt-file search` na jina la faili unalolitafuta. Sema inashusha orodha ya faili za pakeji zote, na mwenye bando la kuhesabu aisikie hivyo hivyo.

#21 Mwani_wa_Paje
Mimi natumia Arch.

#22 Yakhe_Konde
Hakuna aliyeuliza 😂

#23 Mwani_wa_Paje
Hahaha najua. Lakini nisikilizeni, kwetu shida hii haipo. Ukiweka wxwidgets, heda zimo humo humo. Ukiwa na base-devel (vifaa vya kukompailia) na PKGBUILD (faili la maelekezo ya kujenga pakeji), `makepkg -s` inajiletea vilivyobaki. Hivi nyinyi nani aliwaambia mkate pakeji vipande viwili?

#24 Maalim_Pakeji
Ni mambo ya nafasi. Debian imeanza 1993, diski zilikuwa ndogo na watu wakigawana programu kwa flopi na CD. Mtumiaji wa kawaida hana haja ya heda, kwa nini abebeshwe? Mimi nakumbuka CD za Ubuntu zikija kwa posta bure mpaka kwenye sanduku letu la barua pale skuli, mpaka 2011 walipoacha. CD moja ile ingeingia nini kama kila laibrari imebeba heda zake?

#25 Bi_Terminali
Nafasi ni sababu mojawapo, sikatai, lakini mimi naona kubwa ni kukaa matoleo mawili pamoja. Tazameni jina `libwxgtk3.0-gtk3-0v5`. Namba imo ndani ya jina ili 3.0 na 3.2 zikae mashine moja bila kugombana, programu ya zamani itumie ya zamani na mpya itumie mpya. Heda za mahali pamoja zingekanyagana. Ndiyo zikatengwa.

#26 Mwani_wa_Paje
Na sisi tunaweka toleo moja tu, la leo. Likivunjika tunavunjika wote, ndugu kwa ndugu.

#27 Maalim_Pakeji
Bado nasema nafasi. Na majina ya ajabu yana historia yake, si uchawi. zlib kwa Fedora ni `zlib-devel`, kwa Alpine `zlib-dev`, kwa Arch `zlib` tu, kwetu `zlib1g-dev`. Watu huuliza hiyo "g" ya nini. Ni alama ya enzi Debian ilipohama kwenda glibc, yaani libc6, laibrari ya msingi ambayo karibu kila programu inaitegemea, wakati za libc5 zipo bado. Wahamaji walishafika zamani, alama imebaki mlangoni.

#28 MtotoWaMalindi_Muscat
Miaka yote hii nikidhani hiyo 1g ni gigabaiti moja.

#29 BintiTunguu
Kwa suala la bando, mimi nina njia niliyokuwa nikimfanyia kaka yangu Mkoani. Kwenye mashine isiyo na bando:

`sudo apt-get --print-uris -y build-dep opencpn > orodha.txt`

Hii haishushi kitu, inaandika anwani za pakeji zote. Anatuma hiyo orodha, mimi Unguja naishusha kwenye intaneti ya chuo, natia kwenye flashi, flashi inapanda meli na mtu anayekwenda Mkoani. Yeye anazinakili kwenye `/var/cache/apt/archives` na kupiga amri ile ile ya build-dep. apt ikizikuta hapo haiendi nje. Iko pia apt-offline kwa wanaotaka kitu kilichopangika zaidi, lakini mimi nimezoea hii.

#30 Yakhe_Konde
Nathibitisha #29, na naongeza onyo. Mimi mwaka jana n'lipewa flashi na rafiki kwa nia njema, .deb mia na kitu, nikapiga `sudo dpkg -i *.deb` kama fundi. Kumbe zake za Debian 12 na mashine ile ilikuwa na Mint 21. Zikalilia `libc6 (>= 2.36)`, yangu 2.35. Nikatafuta libc6 ya 2.36 nikailazimisha. Nadhani mnajua kilichofuata. `ls` haikufunguka. `sudo` haikufunguka. Nikawa natazama kishale kinapepesa tu mpaka muadhini akaadhini alfajiri.

#31 FundiDarajani
Libc6 huilazimishi, yakhe. Bora ulazimishe mkwe.

#32 BintiTunguu
Ndiyo maana orodha inatolewa kwenye mashine ILE ILE itakayopokea. Hapo hazichanganyiki.

#33 Mkarafuu_Wete
Ahsanteni wote. @BintiTunguu nimekutumia orodha faraghani, Mungu akulipe.

Ila kabla flashi haijafika, nimetumia hizo MB 90 kuweka ile ya #2, `libwxgtk3.0-gtk3-dev`, peke yake. Imeingia salama. Nikapiga cmake tena kwa hamu.

`Could NOT find wxWidgets (missing: wxWidgets_LIBRARIES wxWidgets_INCLUDE_DIRS)`

Kosa lile lile, herufi kwa herufi. Sasa haluwa ipo na vipimo vipo.

#34 Kariakoo_Mchana
Flatpak inakusubiri ndugu yangu.

#35 FundiDarajani
Futa `CMakeCache.txt`. cmake huandika ilichokikuta mara ya kwanza, basi hung'ang'ania hapo. Ilishaandika kwamba wx haipo, itakwambia haipo mpaka Kiama.

#36 Bi_Terminali
@FundiDarajani si sawasawa. cmake ikikosa kitu inaandika NOTFOUND, na kwenye NOTFOUND hutafuta tena kila ukiiendesha. Inachokishika na kukikatalia ni njia iliyowahi KUIPATA, hata kama njia hiyo ni mbovu. Kwa hiyo swali langu kwa Mkarafuu: huko nyuma ulijaribu kitu chochote kuhusu wx ambacho hujatwambia? Piga `which wx-config`.

#37 Mkarafuu_Wete
`/usr/local/bin/wx-config`

#38 Bi_Terminali
Haya. Pakeji ya apt haiweki kitu `/usr/local`. Hebu tusimulie.

#39 Mkarafuu_Wete
Basi niseme. Siku ya kwanza, nilipoambiwa 3.2 haipo, nilishusha chanzo cha wxWidgets 3.2 chenyewe nikakompaili. Ilikwenda kama saa mbili na nusu, laptopu imepata moto unaweza kuchomea mkate wa mofa. Nikapiga `sudo make install`, na katikati ya hapo umeme ukakatika. Nimesema betri imekufa. Ikazima papo hapo. Uliporudi sikuendelea tena, nikasema ile haikuwa na maana. Sikudhani imeacha kitu.

#40 Yakhe_Konde
Siku ya kwanza! Siku ya kwanza, na sisi tuko #39!

#41 Bi_Terminali
Hiyo ndiyo. `/usr/local/bin` inatangulia `/usr/bin` kwenye PATH, orodha ya folda ambamo amri zinatafutwa. cmake inamuuliza wx-config wa kwanza anayemkuta, naye ni yule wa 3.2 aliyewekwa nusu. Anajibu kwa ujasiri laibrari ziko wapi, cmake inakwenda haikuti kitu. Rudi kwenye folda uliyokompailia wx, piga `sudo make uninstall`, kisha `update-alternatives --config wx-config` uone kama wa Debian kakaa mahali pake.

#42 Maalim_Pakeji
Mimi nina shaka nyengine. Mashine kuukuu, betri imekufa, umeme umekatika ghafla. Na ile betri ndogo ya ubao je? Saa ya mashine inasema mwaka gani?

#43 Mkarafuu_Wete
Maalim umejuaje? Kila ikizima inarudi 2015. Huwa nairekebisha kwa mkono.

#44 Maalim_Pakeji
Basi ukikuta make inasema `Clock skew detected. Your build may be incomplete`, ujue si mapambo. make inatazama saa za faili kujua kipi kipya kipi cha zamani. Faili la leo mbele ya saa ya 2015 ni faili la kesho. Inaweza kuruka hatua, ikakupa kitu nusu. Mimi nasema ile wx haikuharibiwa na umeme peke yake, ilikuwa imeshaharibika.

#45 FundiDarajani
Kama saa ingekuwa 2015 apt update isingepita. Ingesema faili la Release `is not valid yet`. Na yeye kaweka -dev bila tatizo.

#46 Maalim_Pakeji
Kaiweka leo, baada ya kurekebisha. wx kaikompaili siku ya kwanza. Mkarafuu, siku ya kwanza ulirekebisha saa kabla au baada?

#47 Mkarafuu_Wete
Sikumbuki wallahi.

#48 Mwani_wa_Paje
Kuna mtu kule juu alisema kwenye Arch shida hii haipo. Nafuta kauli. `/usr/local` iko kila mahali.

#49 Kofia_Fedora
Ndiyo maana mimi kitu chochote cha kujaribu nakitia ndani ya kontena (mfumo uliotengwa ndani ya mashine), distrobox au toolbox. Nikikiharibu nalitupa zima. Mashine yenyewe haijui kilichotokea.

#50 Yakhe_Konde
Na kontena linashushwa kwa bando la nani?

#51 BintiTunguu
Flashi imepanda meli ya leo asubuhi, Mkarafuu. Iko na mtu, ameshika pakiti ya bluu. Mkute Mkoani au akuletee mpaka Chake.

#52 Mkarafuu_Wete
IMEKUBALI!!!

Nimeipata flashi Chake jana magharibi. Nilivyofanya ni hivi: nimerekebisha saa, nimepiga `make uninstall` ya ile wx, nimefuta folda yote ya build ikiwemo CMakeCache, nimenakili za BintiTunguu nikapiga build-dep, na nimeshuka toleo moja nyuma, lile linalokubali wx 3.0. cmake ikapita bila neno. make ikachukua saa moja na dakika kumi. Umeme haukukatika, nilikuwa nimekaa naiombea dua.

#53 Bi_Terminali
Alhamdulillah. Nilisema ni wx-config.

#54 FundiDarajani
Folda ya build imefutwa. Mimi nilisema kache.

#55 Maalim_Pakeji
Na saa imerekebishwa. Niache hapo.

#56 Kofia_Fedora
Kafanya vyote kwa pamoja, sasa hatutajua mpaka tunakufa.

#57 Bi_Terminali
Mimi najua.

#58 MtotoWaMalindi_Muscat
Ami kasemaje?

#59 Mkarafuu_Wete
Haya, huyo ndiye. Nimemfungulia, kaitazama ramani ya mkondo wa Pemba kimya, kidole kinafuata kina. Akapenda. Kisha nikajitia kumwonyesha saa za maji kujaa. Ilikuwa siku ya bamvua. Programu ikasema yanajaa saa saba mchana. Ami akanitazama vile mtu anavyomtazama mtoto aliyepotea sokoni. "Bamvua maji hujaa saa kumi. Babu yako alijua, na hakuwa na waya." Nikatazama vizuri: mashine nimeiacha kwenye saa za UTC. 13:00 ile ni 16:00 ya kwetu, yaani saa kumi kamili. Nikarekebisha, ikasema saa kumi. Ami kasema, "Sasa imejifunza."

#60 Maalim_Pakeji
Mnaona mambo ya saa?

#61 FundiDarajani
Maalim hiyo ni saa za eneo, si saa ya ubao. Usijichukulie ushindi usio wako.

#62 Mkarafuu_Wete
Swali la mwisho alilouliza ami limenishinda. Kainua laptopu, kaona waya, kauliza: "Mle botini naichomeka wapi?"

#63 Yakhe_Konde
Hiyo dipendensi haimo kwenye build-dep 😂😂

#64 Kariakoo_Mchana
Betri ya boti ni ya volti 12? Inveta ndogo inatosha. Au tafuta betri ya laptopu, ni modeli gani?

#65 Mkarafuu_Wete
Volti 12 ndiyo. Modeli karatasi imefutika chini, nitaipiga picha mchana kukiwa na mwanga.

#66 Chuini_Mpya
Samahanini kuingilia, nimeusoma uzi wote. Mimi niko openSUSE, nakompaili programu ya mirathi, naambiwa `Could NOT find Qt5`, na nimeshaiweka.

#67 FundiDarajani
Umeweka ya -devel?

#68 Bi_Terminali
Kabla hujajibu hilo: kuna chochote `/usr/local` hujatwambia?